Masurufu ya Mama na vitambaa vya watu

Mama alishuka kwenye matatu ya Mumias akiwa na kikapu kimoja mkononi. Ilikuwa Aprili 2024, mvua haikatiki, na njia ya kuingia kibandani kwangu pale Kibuye, Kisumu, ilikuwa tope tupu. Akakiweka kikapu juu ya meza yangu ya kukatia nguo, akajifuta miguu, akasema, "Haya, baba. Mzigo wangu wa hija ndio huu."

Kanga mbili, msala, tasbihi na chupa ya mafuta ya nazi. Nilipomuuliza dawa zake za presha na sukari, alisema ziko nyumbani, atazibeba siku ya kuondoka. Na nguo za kubadilisha je? "Mungu atatuona."

Mimi kwa upande wangu nilikuwa nimenunua sanduku kubwa la magurudumu, na tayari nusu lilikuwa limejaa. Nimekalia cherehani miaka 22. Fundi akikata kitambaa huacha akiba kwenye mshono, na ndivyo nilivyofungasha, kila kitu na akiba yake. Mama akilitazama lile sanduku anatikisa kichwa. Mimi nikikitazama kikapu chake nakosa usingizi. Tukabishana hivyo wiki nzima.

Aliyetupatanisha ni ustadhi aliyekuwa akitufundisha hija msikitini kila Jumamosi. Siku hiyo alisoma aya ya 197 ya Surat al-Baqara, inayowaamuru mahujaji wachukue masurufu, yaani mahitaji ya safari, kisha papo hapo inawaambia kuwa bora ya masurufu ni uchaji Mungu. Akatueleza sababu yake kama alivyoipokea Ibn Abbas: palikuwa na watu wa Yemen waliokwenda hija mikono mitupu, wakisema sisi tunamtegemea Mungu, na wakifika Makka wanaanza kuomba watu. Ndipo aya ikashuka. Kwenye tuktuk ya kurudi nyumbani Mama alinyamaza hadi tukakaribia kushuka, kisha akasema taratibu, "Kumbe kufungasha nako ni ibada."

Yeye alikuwa ameguswa na nusu ya kwanza ya aya. Nusu ya pili ilikuwa yangu. Sanduku lilikuwa linajaa, lakini hesabu yangu na watu ilikuwa bado.

Fundi cherehani ana deni la aina yake. Mtu anakuletea kitambaa alichokinunua kwa jasho, anakuachia na rubuni, nawe unamwambia njoo Ijumaa. Ijumaa unamwambia Jumatatu. Mwishowe anachoka kuja. Ustadhi alitupa mpangilio: lipeni madeni, ombeni radhi, andikeni wasia, ndipo mguse begi. Jioni hiyo nilivuta gunia lililokuwa chini ya meza, nikahesabu vitambaa 17. Vingine vilikuwa vimekatwa na havijashonwa. Kimoja nilikikosea kipimo nikakificha, na mwenyewe nilimwambia kiliibwa.

Sikulala vizuri usiku huo, na sikuona haja ya kulala. Vilivyoshoneka nilivishona usiku baada ya kufunga kazi. Visivyoshoneka nilitafuta thamani yake nikaiweka kwenye bahasha. Halafu nikaanza kuzunguka: Manyatta, Kaloleni, Obunga, mmoja hadi Ahero, siku ambazo mashamba ya huko yalikuwa yamefunikwa na maji ya mafuriko. Wengi walinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Yule wa kitambaa nilichosema kiliibwa alinisikiliza akiwa amesimama, akapokea bahasha, akasema, "Pesa nimepokea. Uongo nipe muda." Nilirudi kwake mara mbili. Mara ya pili alinipa chai.

Nyalenda ndiko nilikoumia zaidi. Nilikwenda na kitambaa cha zambarau, mlango ukafunguliwa na msichana. Nikamwambia namtafuta mama yake. "Mama alifariki mwezi wa Novemba," akasema, na macho yake yakashuka kwenye kile kitambaa. Alikijua. Mama yake alikinunua ili akivae harusini kwake, na harusi ilikuwa imeshapita. Nilisimama pale mlangoni bila neno. Nilipopata sauti niliomba radhi, na yeye akanijibu kwa adabu kwamba radhi ya mama yake hawezi kuitoa, hana mamlaka nayo, ila yake mwenyewe ananipa. Nilimpima yeye palepale sebuleni, nikamshonea gauni kwa kitambaa kile, nikampelekea baada ya siku tatu. Wiki hiyo sikuweka kitu chochote sandukuni.

Kilibaki kimoja, cha bluu ya mawimbi, yadi nne, hakina karatasi wala jina. Nilijaribu kukumbuka sura ya aliyekileta, nikashindwa. Ustadhi aliniambia niendelee kumtafuta mwenyewe. Nikikata tamaa kabisa, nitoe thamani yake sadaka kwa nia ya mwenyewe, na siku akitokea nimlipe. Nikakitundika mbele ya kibanda mahali kila mpita njia atakiona, nikamwachia dada yangu maagizo.

Mambo ya karatasi yalitusumbua mapema zaidi, mwaka mmoja kabla. Jina la Mama kwenye kitambulisho lilikuwa na herufi moja ambayo haiko kwenye cheti chake kingine, ikabidi tule kiapo kwa wakili kabla ya kuomba pasipoti. Mwenye mzazi anayetaka kuhiji alinganishe herufi za majina leo, asingoje jina litoke kwenye orodha. Pasipoti nayo iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake.

Chanjo zetu zilikuwa pamoja na ya homa ya uti wa mgongo, ambayo Saudia wanataka uwe umedungwa angalau siku 10 kabla ya kufika, na ya homa ya manjano, yenye kadi yake ya manjano. Mama ana miaka 67, na kwa aliyepita miaka 60 daktari huangalia kwanza hali yake kabla ya kumdunga hiyo ya homa ya manjano. Usimpeleke mzee dakika za mwisho. Daktari huyo huyo alituandikia barua ya dawa zake zote, akasisitiza zibaki kwenye paketi zake za dukani, zisimwagwe kwenye kikopo kama Mama alivyozoea. Tulizigawa mafungu mawili, nusu mkoba wa mkononi, nusu sandukuni, kwa idadi inayozidi siku za safari kwa wiki mbili. Na kifurushi cha mtu ambacho hukukifungua mwenyewe usikibebe, hata akiwa jirani yako wa ukuta mmoja. Dawa za kulevya kule zina adhabu ya kifo, na mzigo unaokutwa mkononi mwako ni wako.

Sasa mabegi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini mwaka 2017, mifuko ya kitambaa imenilipia kodi ya kibanda miezi mingi, kwa hiyo hapo nilikuwa kwenye kazi yangu. Mama anasoma Kurani vizuri, lakini maandishi madogo ya kwenye paketi yanamshinda macho. Nikamshonea mifuko ya vitenge kwa rangi. Mwekundu ni dawa. Wa kijani ni cha kutafuna. Wa njano ni nguo safi, na mweusi ni ndara, kwa sababu ukiacha ndara mlangoni pa Msikiti Mtukufu usitegemee kuzikuta. Dada yangu alimfungashia mambo ya kike ambayo mimi si mtu wa kuyagusa. Nilishona pia mfuko mdogo wa kuvaa shingoni, wa kitenge cha machungwa chenye ndege, wa kutia kadi yake na namba zetu za simu. Mabaki ya kitenge hicho niliyachana vipande virefu, nikavifunga kwenye vishikio vya masanduku yetu. Kikundi chetu kilikuwa na masanduku meusi yanayofanana kama ndugu, na kule Jeddah tuliyatambua yetu kwa mbali.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Mumias aliyehiji 2019. Tulipokwenda kumuaga aliniuliza nimefungasha kwa siku ngapi. Nikamjibu, za safari nzima. Akasema, "Fungasha siku tano. Hizo nyingine zitajifungasha zenyewe." Sikumwelewa hadi nilipofika. Sanduku kubwa hukaa hotelini Makka. Kuanzia tarehe 8 hadi 12 ya Mfungo Tatu, mwezi wa hija, uko Mina, Arafa na Muzdalifa, na mali yako yote ni ile unayoweza kuibeba mgongoni huku umemshika mzazi mkono. Begi hilo dogo ndilo la kulifikiria kwa wiki kadhaa, na watu wengi hulijaza usiku mmoja kwa haraka.

Letu lilikuwa na dawa za siku saba, pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), mkeka mwembamba wa kukunja, karanga na simsim, kipande cha sabuni isiyo na manukato, chupa ya kunyunyizia maji usoni, chaja, na mfuko wa vijiwe. Soketi za kule zilikuwa za miguu mitatu kama zetu, kwa hiyo kile kifaa cha kubadilisha plagi nilichonunua kwa bei ghali sikukigusa. Mama alitaka pia omena na unga wa mahindi. Omena nilikataa. Unga ulifika Makka, ukarudi Mumias vilevile.

Kuhusu ihramu, zile shuka mbili za mwanamume wa hija, nina maneno zaidi, kwa kuwa ni nguo. Wengi tuliokuwa mafunzoni tulidhani kitu chochote chenye uzi wa cherehani ni haramu kwa mwanamume aliyehirimia, yaani aliyekwisha kutia nia ya hija. Mzee mmoja alikuwa amekata mshono wa mkanda wake wa pesa, akaufunga kwa kamba. Ustadhi alieleza kwamba kinachokatazwa ni nguo iliyoshonwa kufuata umbo la mwili, shati, suruali, kanzu, fulana. Mkanda wenye mshono na ndara zenye mshono hazina neno. Mimi niliyeishi kwa kufuata umbo la miili ya watu, nilikaa kimya nikiyafikiria maneno hayo.

Zile nzito za taulo sizipendekezi kwa Juni. Hunyonya jasho, zikalemea, zikaanza kuteleza kiunoni. Nilichagua pamba nyepesi iliyofumwa sawasawa, isiyoonyesha mwili, nikakata seti mbili. Mapaja nayo yatachubuka ukitembea siku nzima bila nguo ya ndani. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yapakwe kabla ngozi haijaanza kuwaka, maana ikishawaka kila hatua ni kilio. Wanaume hawaambiani jambo hili kwa aibu, na nimeona watu wazima wakitembea wamepanua miguu kama watoto wachanga.

Miguu ilifungashwa miezi miwili kabla, kama naweza kusema hivyo. Kila alfajiri baada ya sala nilikuwa nikitembea kutoka Kibuye hadi Dunga ufukweni, na ndara zilezile nitakazosafiri nazo. Sai peke yake, zile safari saba kati ya Safa na Marwa, hupita kilomita tatu, na hapo umeshamaliza tawafu, kuizunguka Kaaba mara saba. Mama alikuwa akizunguka nyumba yake Mumias mara saba asubuhi, mara saba jioni, majirani wanamwangalia. Nilimtungia vifungo saba kwenye uzi mnene, kila mzunguko anasogeza kimoja. Kwenye tawafu, watu walipotusukuma na mimi nikapotelewa na hesabu, yeye alikuwa nayo kiganjani.

Usiku wa mwisho kabla ya kuondoka, Mama aliniomba bafta. Nilidhani anataka mtandio. "Nikatie sanda," akasema. "Ajali yangu ikinikuta kule, watanizika kwa yao. Nikirudi, nataka yangu iwe imeguswa na Zamzam." Ustadhi alikuwa ameshatuambia jambo hilo si sharti la dini, ni mapenzi ya watu tu, na Mama alilijua hilo. Nililaza bafta mezani. Nimekata nguo za harusi, sare za shule, suti za wakubwa. Mkono wangu haujawahi kuwa mzito vile. Vipande vitano vya mwanamke, bila kipimo cha kiuno, bila mkono, bila kola. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, anavikunja kimoja kimoja kadiri ninavyovikata, huku akinisimulia habari za bei ya miwa.

Uwanja wa ndege Nairobi, mwenzetu mmoja wa Busia aligundua ihramu yake iko ndani ya sanduku, na sanduku limeshakwenda tumboni mwa ndege. Tulikuwa tutapita mikati, mpaka wa kuingilia ihramu, tukiwa angani, rubani atatangaza, na kila mtu atie nia akiwa tayari. Yule mzee alianza kutetemeka. Nilifungua mkoba wa mkononi nikampa seti yangu ya pili. Alinirudishia Jeddah imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Ihramu isafiri nawe mkononi, si sandukuni.

Arafa ilikuwa tarehe 15 Juni. Tulitoka kwenye mvua ya Kisumu tukaingia kwenye jua ambalo sina la kulilinganisha nalo. Siku mbili baadaye kipimo cha joto pale Makka kilifika nyuzi 51.8, na hija ile ilipokwisha Saudia ilitangaza vifo 1,301, wengi wakiwa watu wasio na vibali waliotembea mbali juani bila pa kujisitiri. Mungu awarehemu. Tuliwapita baadhi yao wamekaa pembezoni mwa barabara, na tuliowafikia tuliwapa maji. Kitu kilichotufaa kuliko vyote ni mwavuli mweusi wa Mama, ule aliojifunika nao alipokuja Kibuye kwenye mvua. Mwanamume aliyehirimia hafuniki kichwa kwa kitu kinachokigusa, lakini kivuli cha mwavuli kinaruhusiwa, na sote wawili tulitembea chini yake. Kila saa nilimpa maji yenye ORS hata akisema hana kiu. Mzee wa sukari akisema hana kiu usimsikilize.

Alasiri nilitoa daftari la dua. Watu waliokuja kutuaga walikuwa wamenipa majina 64, wengine na haja zao zimeandikwa, anayetaka mtoto, anayetaka kesi ya shamba iishe. Mwisho wa orodha nilikuwa nimeandika mwenyewe wenye vitambaa 17. Niliwasoma kwa majina, na yule mama wa Nyalenda nilimsoma kwa muda mrefu. Nilipofika kwa wa mwisho nikasema, ewe Mola, na mwenye kitambaa cha bluu, Wewe unamjua.

Usiku ule Muzdalifa tulilala juu ya ule mkeka, tukala karanga na simsim, tukaokota vijiwe 49 kwa kila mmoja, vidogo kama punje za dengu. Mama hakuweza kuhimili msongamano wa Jamarati, penye nguzo zinazorushiwa vijiwe, nikamrushia kwa niaba yake baada ya kurusha vyangu.

Tarehe 11 ya Mfungo Tatu, baada ya alasiri, Mama alipotea. Alikwenda chooni na wanawake wenzake pale Mina, akarudi kwa kichochoro kisicho chake. Mahema ya Mina ni meupe yote, yamepangwa mistari inayofanana, hata mimi nilikuwa nikihesabu nguzo. Simu yake ilikuwa kwenye chaja. Nilikimbia huku na huku kama dakika 40 nikimwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilipomwona alikuwa anakuja taratibu na kijana wa skauti, ule mfuko wa ndege wa machungwa kaushika mkononi. Alikuwa amemwonyesha kijana kadi iliyo ndani, namba ya hema, basi. "Nilikwambia nimefungasha vizuri," akaniambia. Nikalia. Akanipangusa jasho kwa kanga.

Tulirudi Julai. Kule Mumias watu walijaa uani siku tatu, kila mmoja apate tende na funda la Zamzam kutoka kwenye ile dumu ya lita tano tuliyopewa uwanja wa ndege. Sanda iliyosuuzwa ilikauka kwenye kamba ya ndani, Mama akaikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku lake la mbao, akaweka kanga juu yake.

Nami nikafungua kibanda. Dada alikuwa amepokea kazi nne, kila moja ameiandikia jina, simu na siku ya kuchukua. Kitambaa cha bluu kilikuwa palepale nilipokitundika. Hakuna aliyekiulizia, akasema. Nilikishusha, nikakikung'uta vumbi la miezi miwili, nikakitundika tena upande unaotazama barabara.